Ukichekwa hadharani, thamani yako iko wapi? Funzo kutoka Nakuru

Tusi la mtu mmoja barazani huuma, lakini hupita. Utainuka, utarudi kwako, utalala, na asubuhi mtakutana msikitini mpeane mikono. Kejeli ya hadharani ni jambo jingine, kwa sababu inakuja na watu nyuma yake. Siku hizi haihitaji hata baraza. Picha moja iliyopigwa vibaya, sauti iliyokatwa katikati, jina la utani lililobandikwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima unacheka, na jamaa zako walioko Muscat na London wameshaiona.

Kijana akifikwa na hayo, sisi wazazi tuna dawa moja: "Wapuuze, mwanangu." Tunasema kwa mapenzi, lakini dawa hiyo haifiki kwenye kidonda. Anayechekwa na watu wengi haumizwi na sauti zao peke yake. Anaumizwa na swali analobaki nalo usiku taa zikizimwa: Je, kama ni kweli? Kama mimi si kitu?

Swali hilo maandiko matakatifu yanalijua, na yanalijibu kwa kina kuliko "wapuuze". Ili tulielewe jibu lenyewe, nawaomba twende bara kidogo, hadi Nakuru. Si mji wa mbali na sisi. Reli iliyoanzia Mombasa ndiyo iliyoukuza, na Waislamu wameishi humo vizazi na vizazi. Tangu Desemba 2021 umekuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Na hapo Nakuru na viunga vyake ndipo palipopita watu watatu ambao maisha yao, yakiwekwa pamoja, yanaeleza habari ya kejeli kuliko hotuba nyingi: mmoja alichekwa, akapata nguvu, akacheka wengine; mwingine alichekwa na hakuacha kazi yake; na wa tatu hakuwa na chochote isipokuwa mwana na kilio.

Wingu la kupita

Daniel arap Moi alizaliwa Sacho, Baringo, mwaka 1924. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Alisomeshwa na wamishonari wa Africa Inland Mission, akawa mwalimu wa shule, kisha mwanasiasa. Mwaka 1967 Mzee Jomo Kenyatta alimfanya Makamu wa Rais.

Wakubwa wa siasa wa wakati ule hawakumhesabu. Walimwita wingu la kupita. Kwao alikuwa mwalimu wa kijijini aliyewekwa pale kushikilia kiti mpaka wenyewe wakitake. Inasimuliwa hadi leo jinsi msafara wake ulivyokuwa ukisimamishwa na polisi wa Bonde la Ufa na kupekuliwa, Makamu wa Rais mzima, kama mshukiwa wa kawaida. Mnamo Septemba 1976 fedheha ile ikatolewa jukwaani. Wanasiasa wakubwa walikusanyika Nakuru, mji jirani na nyumbani kwake Kabarak, wakataka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka moja kwa moja Rais akifariki. Jina lake halikuhitaji kutajwa sana. Kila mtu alijua ni nani anayefungiwa mlango. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alitoa onyo kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa la jinai, na kampeni ile ikazimika.

Moi alinyamaza. Hakujibu kejeli kwa kejeli. Alikuwa mtu wa kanisa na wa Biblia, na hilo hata mahasimu wake hawakulikana. Tarehe 22 Agosti 1978 Mzee Kenyatta alifariki hapa kwetu, katika Ikulu ya Mombasa. Habari zilimkuta Moi Kabarak. Akashika njia kwenda Nairobi, na siku hiyo hiyo akaapishwa kushikilia urais. Wingu la kupita likakaa miaka 24.

Na alianza vizuri. Desemba 1978 aliwaachilia wote waliokuwa kizuizini kwa sababu za kisiasa. Mmoja wao alikuwa kijana wa Nakuru, Koigi wa Wamwere. Sisi tuliosoma shule ya msingi enzi hizo tunayakumbuka maziwa ya Nyayo, na tunakumbuka jina lake likitajwa kwa heshima. Laiti hadithi ingeishia hapo, tungesema: huyu hapa mfano wa mtu aliyedharauliwa akainuliwa na Mola wake, tufunge kitabu. Lakini haikuishia hapo.

Mtoto wa kibarua

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, familia yake ilihamia shamba la mzungu karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa ameajiriwa. Mwisho wa 1947 alirudi Ihithe na mama yake, kwa kuwa kule shambani hapakuwa na shule. Miaka yake ya kwanza ya kukumbuka mambo, basi, ilikuwa ya mtoto wa kibarua kwenye ardhi ya wengine.

Alisomeshwa na masista wa Kikatoliki, Nyeri na kisha Limuru. Akapata nafasi ya masomo Marekani mwaka 1960, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, kazi ya kina mama wa vijijini kuotesha miche na kupanda miti.

Kejeli kwake zilianzia nyumbani. Ndoa yake ilivunjika mahakamani mwaka 1979, mbele ya magazeti na watu. Alipomkosoa jaji aliyetoa hukumu, alifungwa kwa kudharau mahakama, ingawa alitoka baada ya siku tatu. Alipotakiwa kuliacha jina la mume, aliliongeza herufi moja: Mathai likawa Maathai. Ni jambo dogo, lakini lina maana. Watu walimwambia jina si lako. Yeye akasema basi nitaliandika kwa mkono wangu.

Mwaka 1989 serikali na chama tawala cha KANU walikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, pahali ambapo mnyonge asiye na shilingi anaweza kukaa kivulini. Maathai aliandika barua kuuliza na kupinga. Jibu lilitoka Bungeni. Wabunge walimjadili kwa vicheko na kulikejeli shirika lake kwamba ni kundi la wanawake walioachwa na waume zao. Rais naye akasema hadharani kwamba wanaopinga wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke mwenye adabu za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika likafukuzwa ofisini, likahamia nyumbani kwake.

Msomaji, tazama aliyekuwa akisema maneno hayo. Ni yule yule aliyeitwa wingu la kupita. Mtu aliyejua kwa mwili wake mwenyewe kudharauliwa mbele ya watu kunafananaje, alipopewa kipaza sauti, alimwelekezea mwanamke aliyekuwa na barua tu mkononi.

Jumba halikujengwa. Wafadhili walijitoa, na mapema mwaka 1990 mpango ukafa. Maathai hakushangilia mno, akarudi kwenye miche yake. Na mapigano ya kikabila yalipochoma sehemu za Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya tisini, alikwenda kuwatembelea waliofukuzwa makwao, na kupanda miti kukawa njia ya kuzileta pamoja jamii zilizokuwa zikiuana. Alilaumiwa kwamba anachochea. Aliendelea.

Kina mama wa Freedom Corner

Wa tatu ni mama mzee. Koigi wa Wamwere, yule aliyeachiliwa mwaka 1978 na kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini mwaka uliofuata, alikamatwa tena, na mwaka 1990 akashtakiwa kwa uhaini. Mnamo Februari 1992 mama yake, Monica Wangu wa Wamwere, na kina mama wengine wa wafungwa wa kisiasa waliketi kona moja ya Uhuru Park wakafunga kula, wakitaka wana wao waachiliwe. Maathai alikaa pamoja nao.

Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa mpaka akazirai. Baadhi ya kina mama wale wazee walivua nguo zao mbele ya polisi. Kwa mila za huko, mama kujivua mbele ya wanaolingana na wanawe ni laana nzito. Wakasemwa kwamba wamerukwa na akili, kwamba ni aibu kwa wanawake. Walikimbilia kanisa la All Saints, wakakaa huko kiasi cha mwaka mzima wakiomba na kungoja. Mwaka 1993 Koigi na wengi wa wenzake wakatoka.

Sasa tuyaulize maandiko: watu kama hawa, na kijana wetu mwenye simu inayomliza, yanawaambia nini?

Kwanza, maumivu yako yanajulikana

Maandiko hayaanzi kwa kumwambia aliyechekwa kwamba asiumie. Mwisho wa Suratul Hijr, aya ya 97 mpaka 99, Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake (S.A.W.) kwamba anajua kifua chake kinabanwa na wanayoyasema watu. Anayeambiwa hivyo ni kiumbe bora kuliko wote. Kama kifua chake kilibanwa, basi kijana wa Majengo au Bondeni asione haya kusema kwamba chake kinabanwa. Kuumia si upungufu wa imani.

Kisha inafuata dawa katika aya zizo hizo: msabihi Mola wako, uwe miongoni mwa wanaosujudu, umuabudu mpaka yakufikie yaliyo yakini. Angalia mpango wake. Kwanza maumivu yanatambuliwa, halafu paji la uso linapelekwa chini. Aliyelazimishwa na watu kuinamisha kichwa kwa aibu anafundishwa kukiinamisha kwa hiari mbele ya Mmoja tu, na akiinuka pale hana tena deni la kuinamia mwingine.

Ndugu zetu Wakristo nao wana kisa cha Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Alikuwa hana mtoto, mke mwenzake akimcheka mwaka baada ya mwaka. Alipokwenda hekaluni akaomba kwa uchungu midomo ikitikisika bila sauti, hata kuhani alimdhania amelewa. Kina mama wa Freedom Corner, waliolala kanisani wakiombea wana wao huku wakiitwa wendawazimu, nadhani walikijua kisa hicho kuliko sisi.

Pili, hakimu si umati

Makuraishi hawakumkejeli Mtume (S.A.W.) kwa jambo moja. Walimwita mwendawazimu. Walipokufa wanawe wa kiume, walimwita mkiwa aliyekatika kizazi. Hebu fikiria: mtu amezika mtoto, na watu wanafanya msiba wake kuwa mzaha. Suratul Kauthar, sura fupi kuliko zote, ilishuka kujibu hilo: yeye amepewa kheri nyingi, na aliyekatika ni huyo anayemchukia. Na mwanzo wa Suratul Qalam, baada ya kukanushwa kwamba ana wazimu, anatajiwa thamani yake iko wapi: yuko juu ya tabia tukufu. Hakuambiwa utakuwa na wafuasi wengi wala utawatia aibu. Aliambiwa habari ya tabia yake, kitu ambacho hakuna umati unaoweza kumvua mtu.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo. Watu wanapokucheka wanakupimia mizani yao: sura, mali, ukoo, ndoa, lafudhi, rangi, mwili. Suratul Hujurat, aya ya 13, inaiondoa mizani hiyo na kuweka nyingine: mbora wenu mbele ya Mungu ni mchamungu zaidi. Suratul Israa, aya ya 70, inatangulia hata hiyo. Wanadamu wote wametukuzwa, kabla hata hujafanya lolote. Kwa hiyo una thamani mbili ambazo mzaha haufiki: ile uliyozaliwa nayo kwa kuwa ni mwanadamu, na ile unayoijenga kwa ucha Mungu.

Kuna kisa cha sahaba Abdullah bin Masud. Alikuwa mwembamba. Siku moja alipanda mti kukata mswaki, upepo ukapeperusha nguo yake, watu wakaona miguu yake ilivyo myembamba wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawaambia kwamba miguu ile katika mizani ya Siku ya Kiyama ni mizito kuliko mlima Uhud. Hakuwaambia kwamba miguu si myembamba. Ni myembamba kweli. Aliwabadilishia mizani.

Hili tulishike vizuri. Wakati mwingine wanalocheka ni kweli. Ndoa ya Maathai ilivunjika kweli. Moi alikuwa mwalimu wa kijijini kweli. Kijana amefeli mtihani kweli, au alijikwaa kweli akisoma khutba. Maandiko hayakutaki ukatae kilichotokea. Yanakukataza kuamini kwamba hicho ndicho wewe.

Tatu, nyundo isianguke mkononi

Nabii Nuhu (A.S.) alijenga safina nchi kavu. Suratu Hud, aya ya 38, inasimulia kwamba kila walipompitia wakubwa wa kaumu yake walimcheka. Naye aliwajibu, kwamba iko siku itajulikana nani wa kuchekwa. Lakini jibu ni moja, na kazi ni ya muda mrefu. Hakutoka kwenye mbao kwenda kubishana nao sokoni. Lau angefanya hivyo, tufani ingemkuta na midomo iliyochoka na safina yenye matundu.

Katika Biblia Nehemia anapata mtihani kama huo akijenga ukuta wa Yerusalemu. Walimcheka kwamba hata mbweha akipanda ukuta wake utaporomoka. Aliomba, akaendelea kuweka mawe. Maathai naye alikuwa na miche. Ukimsoma vizuri utaona kwamba hilo ndilo lililomuokoa: kila alipotukanwa alikuwa na kazi ya mikono ya kurudia. Mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alitoa kitabu kizima kuhusu imani na utunzaji wa dunia, akieleza kwamba kazi yake ya miti ilikuwa na mzizi wa kiroho.

Wazee wetu walishasema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini ng'ombe lazima awe na maji ya kunywa. Mtu asiye na kazi anayoiamini, kelele za chura ndizo zinazokuwa shughuli yake ya kutwa.

Nne, usije ukawa wao

Aya mashuhuri kuhusu kejeli, ya 11 katika Suratul Hujurat, haimsemeshi anayechekwa. Inamsemesha anayecheka, tena inamwita muumini. Wanaume wasiwadharau wanaume wengine, huenda wakawa bora kuliko wao. Wala wanawake wasiwadharau wanawake wengine. Wala msiitane kwa majina ya kejeli. Maana yake, hata mwenye imani anaweza kuingia humo. Abu Dharr, sahaba mwenye daraja, aliwahi kumtukana mwenzake kwa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia bado ana chembe ya ujahili.

Ndiyo maana kisa cha Moi ni kizito kuliko kisa cha mtu mbaya aliyefanya mabaya. Kilichomo moyoni mwa mtu ni cha Mola wake, na yeye ameshatangulia mbele ya haki tangu Februari 2020. Tunachoweza kusema ni hiki kilichotendeka hadharani: mtu aliyevumilia dharau kwa subira alipokuwa mnyonge hakuweza kuizuia dharau hiyo kinywani mwake alipokuwa na nguvu. Subira ya mnyonge ni nusu ya mtihani. Nusu ya pili hufanywa siku unapopewa jukwaa.

Mfano wa kuivuka nusu hiyo ya pili tunao. Mwaka wa 8 Hijria Mtume (S.A.W.) aliingia Makka na jeshi. Waliomwita mwendawazimu na mkiwa walisimama mbele yake wakingoja hukumu. Aliwaachilia waende zao. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kejeli za miaka yote ile hazikuwa zimeingia ndani. Mtu ambaye thamani yake ilitoka kwa Mungu hakuwa na haja ya kuidai kwa kuwafedhehesha wengine.

Na dunia huzunguka. Tarehe 30 Desemba 2002 Moi alikabidhi madaraka Uhuru Park, bustani ile ile aliyotaka kuijengea jumba. Umati ulimzomea, ukaimba nyimbo za kumkebehi, ukamrushia matope. Siku chache kabla ya hapo Wangari Maathai alikuwa amechaguliwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini tusiharakishe kufurahi. Wale waliorusha matope nao walikuwa wanaanguka katika mtego ule ule. Walidharauliwa miaka 24, na siku ya kwanza waliyopata nguvu walifanya waliyofanyiwa. Mzee alirudi zake Kabarak. Hujafa hujaumbika, na neno hilo linamhusu anayecheka kama linavyomhusu anayechekwa.

Tufanye nini majumbani mwetu

Akija mwanao, mdogo wako au mpwa wako na simu mkononi na macho mekundu, usianze na "wapuuze". Anza pale Suratul Hijr ilipoanza: mwambie unajua kifua kimembana. Kaa naye. Mchukue msikitini, au swali naye chumbani. Halafu mwulize kwa upole: katika wanayosema, lipi ni kweli na lipi ni uongo? La kweli litengenezwe kama linatengenezeka, na kama ni umbile la Mungu lisitengenezwe. La uongo liachwe. Kisha mrudishe kwenye kazi yake, masomo, ufundi, duka au kitabu, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Usimwache akae akihesabu walioandika na walichoandika.

Kunyamaza nako kusigeuke kuwa kudhulumiwa. Suratun Nisaa, aya ya 148, inampa aliyedhulumiwa ruhusa ya kusema wazi. Maathai aliandika barua, na kina mama walikaa bustanini. Kama picha za mtoto wako zinasambazwa kumdhalilisha, au anatishwa, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa ndani yake. Hifadhi ushahidi, nenda polisi na mtu mzima mwenye busara. Kudai haki si kukosa subira.

Na jambo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linatugusa sote. Kila picha ya kejeli inayomliza mtoto wa mtu imepita kwenye simu za watu wanaoswali. Imepita kwenye kundi la harusi, kundi la madrasa, kundi la ukoo. Mtu ameona, akacheka kidogo, akamtumia mwenzake. Suratul Humaza inaanza kwa ole kwa kila mwenye kukebehi na kusengenya, na haikusema ole kwa aliyeanzisha peke yake. Ikikufikia leo jioni, iishie kwako.